Deli ya Kiyahudi New York: Uende Ipi Ukiwa na Mlo Mmoja Tu?

Tikiti hii mnayoiona mkononi mwangu nimepewa mlangoni, kabla hata sijaagiza chochote. Ni kipande cha karatasi tu, lakini nimekishika sawasawa, maana ukikipoteza unatozwa dola 50 wakati wa kutoka. Kila utakachochukua humu ndani kinaandikwa hapa, na mwisho unapita kwa keshia. Karibuni Katz's, mtaa wa East Houston, kona ya Ludlow, Manhattan.

Ndugu zetu wanaokuja New York kikazi au kutembelea watoto wao wananiuliza sana: "Dada, nasikia kuna deli za Kiyahudi, na mimi nina siku mbili tu, niende ipi?" Leo nawajibu. Hizi ninazowapendekezea nimekula kwa pesa yangu, na zaidi ya mara moja.

Tuanze na jina, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea. New York kila kona utaona kibao kimeandikwa "Deli". Ukiingia unakuta sigara, soda, maziwa, betri, na kijana anakaanga mayai kwenye kaunta. Hilo ni duka la Mangi, jamani. Lina kazi yake na mimi nalipenda, ila silo tunalolitafuta. Deli ya Kiyahudi ni mgahawa wa nyama: pastrami (nyama ya ng'ombe ya viungo na moshi), ulimi, maini ya kusaga, supu ya kuku, mkate wa rai wenye mbegu za kisibiti, na achari ya matango. Miaka ya 1930 inakadiriwa jiji hili lilikuwa na deli za kosher, yaani zinazofuata sheria za chakula za Kiyahudi, zaidi ya 1,500. Leo zilizobaki unazihesabu haraka. Carnegie, iliyofunguliwa 1937 na iliyokuwa na jina kubwa kuliko karibu zote, ilifunga mlango mwishoni mwa mwaka 2016. Kwa hiyo ukiona kitabu cha zamani cha wageni kinakutuma kule Seventh Avenue, usipoteze nauli.

Sasa kabla hujachagua, jiulize swali moja: unataka ya kosher au isiyo ya kosher? Hapa napenda nikae kidogo, kwa sababu ndiyo njia panda yenyewe.

Deli ya kosher inafuata sheria za dini ya Kiyahudi. Nyama imechinjwa kwa taratibu zao, imetiwa chumvi kuondoa damu, na nyama haichanganywi na maziwa. Maana yake hakuna jibini kwenye sandwichi, hakuna siagi kwenye mkate, na kahawa haiji na maziwa ya ng'ombe. Usikasirike ukinyimwa. Deli isiyo ya kosher inapika vyakula vilevile vya Kiyahudi, lakini haifungwi na sheria hizo. Katz's ni hii ya pili: wana jibini, wana keki ya jibini, na hawajifanyi kuwa kosher. Watazamaji wangu Waislamu wengi huingia Katz's wakidhani deli ya Kiyahudi basi lazima nyama imechinjwa kidini. Sivyo. Na hata ile ya kosher, masheikh wanatofautiana, wapo wanaoiruhusu na wapo wasioiruhusu. Muulize shehe wako kabla hujapanda ndege, sio ukiwa umeshashika kisu na uma.

Haya, nyama. Nitawaeleza kwa nini pastrami ni pastrami, maana ukilielewa hili utaichagua deli nzuri hata kwenye jiji ambalo hujawahi kufika. Wachinjaji wa kosher hapa Marekani kwa kawaida hawauzi sehemu ya nyuma ya ng'ombe, kwa sababu kuna mshipa wa paja na mafuta ambayo dini yao imekataza, na kuyaondoa ni kazi kubwa. Inabaki sehemu ya mbele: kidari, nyama ya tumboni, ulimi. Kwa mchinjaji wetu kule nyumbani hiyo ndiyo ile nyama ngumu ambayo ukiipika haraka unatafuna mpaka taya zinauma. Ndiyo maana inahitaji siku. Unailoweka kwenye maji ya chumvi na viungo, unaipaka pilipili manga na giligilani zilizopondwa, unaifukiza kwa moshi, halafu unaimalizia kwa mvuke mpaka ilainike. Wayahudi wa Romania ndio walioleta jina na ujuzi huu mwishoni mwa karne ya 19, na jina lenyewe linatoka kwenye pastirma, nyama iliyokaushwa ya Waturuki. Kule kwao walitumia hata nyama ya bata bukini. Walipofika hapa wakakuta ya ng'ombe ni rahisi zaidi, wakahamia huko. Ile nyingine inayoitwa kondibifu, ambayo sisi tumeizoea ya kopo, hapa ni kidari kilicholowekwa na kuchemshwa, bila moshi na bila pilipili. Nzuri, lakini kama ni mlo mmoja tu, chukua pastrami.

Mvuke, hapo ndipo deli zinapoachana. Nyama iliyokaa kwenye mvuke vizuri inakuwa laini kiasi kwamba ukiipeleka kwenye mashine ya kukata inavunjikavunjika. Inataka kisu na mkono wa mtu. Kwa hiyo ukiingia deli yoyote, kabla hujaagiza, tazama kaunta. Ukiona kisu kirefu na sinia inayofuka mvuke, kaa. Ukiona mashine inazunguka na vipande vyembamba kama karatasi vinatoka kwenye friji, toka na uende zako.

Nasema kwa sababu yamenikuta. Kaka yangu alipokuja kutoka Moshi nilimpeleka deli moja, sitaitaja, kwa sababu tu sandwichi zake zinaonekana ndefu sana kwenye picha. Nyama ilikatwa kwa mashine, ikapitishwa kwenye maikrowevu, katikati ikawa ya baridi na mkate umelowa. Alikula robo akaniangalia, hakusema neno. Iliniuma, kwa sababu alikuwa na siku tatu tu, na mimi ndiye niliyemchagulia. Tangu siku hiyo urefu wa sandwichi haunidanganyi.

Turudi hapa ndani. Katz's ipo tangu 1888. Kwenye kaunta wamesimama wakataji kadhaa, kila mmoja na foleni yake, unachagua fupi. Angalieni huyu mzee. Ameichoma nyama kwa uma mrefu, ameitoa kwenye mvuke, kwa nje ni nyeusi tii kwa pilipili. Anaibonyeza kwa kidole, anaigeuza, anakata kukinzana na nyuzi zake, vipande vinene kama kalamu. Ndani ni nyekundu ya waridi. Amenipa kipande kwenye kisahani nionje kabla hajajenga sandwichi. Ngoja... Jamani. Kinaanza pilipili manga, halafu ile harufu ya giligilani, ukiwa umekulia Pwani unaijua kabla hujatafuna, halafu moshi, na mwisho mafuta yanayeyuka ulimini.

Mkataji akikuuliza unataka nyama ya namna gani, usiombe steki tupu. Mwambie akupe yenye mafuta, ndimo utamu ulimo. Weka haradali peke yake. Na mwachie dola moja mbili kwenye kikombe chake, ni desturi ya hapa na kazi yake ni nzito. Sandwichi yenyewe inakaribia dola 30. Ni pesa nyingi, silifichi hilo, lakini mkiwa wawili mnagawana na mnashiba. Kama hutaki kusimama, meza za pembeni ukutani zina wahudumu. Usije saa za chakula cha mchana wala Jumamosi, utapanga foleni mpaka nje. Njoo siku ya kazi asubuhi, treni ya F, kituo cha Second Avenue.

Ukitaka kosher, nakutuma 2nd Ave Deli, na nakutuma kwa moyo mmoja. Ilifunguliwa 1954 na Abe Lebewohl, mtu aliyenusurika mauaji ya Wayahudi Ulaya. Mwaka 1996 aliuawa akipeleka pesa za mgahawa benki. Familia iliendelea, 2006 wakafunga kwa sababu ya kodi ya pango, na mwishoni mwa 2007 mtoto wa ndugu yake akaifungua upya East 33rd Street. Ndiyo maana jina linasema Second Avenue na wewe unaikuta pengine. Usidhani umepotea.

Pale unakaa mezani na kabla hujaagiza wanakuletea achari ya matango na kabichi. Pastrami yao ni nzuri, kwangu mimi hatua moja nyuma ya hii ya hapa. Lakini supu! Supu ya kuku yenye madonge ya matza, ule mkate wao wa Pasaka usio na hamira, unasagwa, unachanganywa na mayai na mafuta ya kuku. Mafuta ya kuku, sio siagi wala samli, kwa sababu ya ile sheria ya maziwa. Donge linaelea, ni jepesi, unalikata kwa kijiko. Ukiwa na mafua New York mwezi wa Januari, hiyo supu ni dawa. Kama unasafiri na wazazi au watoto, mimi ningewapeleka pale badala ya hapa, kwa sababu wanakaa, wanahudumiwa, wanasikilizana.

Sarge's, Third Avenue, tangu 1964, si kosher, naiweka kama akiba yenu: siku Katz's ina foleni ndefu na miguu imechoka, nendeni kule mkakae.

Na wasiokula nyama wasiondoke. Hatua chache kutoka hapa, mtaa huuhuu, ipo Russ & Daughters, tangu 1914. Hiyo siyo deli: deli ni nyama, wao ni samaki na jibini, ile sheria ya kutenganisha ndiyo iliyozaa maduka ya aina mbili. Chukua begeli, ule mkate wa duara wenye tundu katikati, jibini laini na salmoni iliyokatwa kwa mkono, nyembamba mpaka unaona kisu upande wa pili.

Kwa hiyo mwenye mlo mmoja na asiye na masharti ya dini, Katz's, pastrami yenye mafuta. Mwenye kutaka kosher, au aliye na mama yake, 2nd Ave, na aanze na supu. Mimi sandwichi yangu imeisha, tango moja limebaki, nalimalizia. Tikiti hii hapa, bado ninayo, naenda kulipa.