Seti ya Waya wa Amplifaya "Geji 4": Inabeba Wati 1000 Kweli?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani leo ni ile seti ya waya inayouzwa kwa maandishi ya geji 4, wati 2000, na fyuzi ya ampea 150 ndani.

Angalieni hapa kwa karibu. Nachuna ganda, nakwangua uzi mmoja kwa wembe. Mnaona weupe? Ni alumini iliyopakwa shaba. Na ganda limenenepeshwa. Ukilivua, waya uliobaki ni mwembamba.

Sasa hesabu. Amplifaya ya daraja D, ile aina isiyopoteza umeme mwingi, yenye wati 1000 halisi inavuta takribani wati 1250, maana sehemu nyingine inaishia kwenye joto. Gawa kwa volti 13.8, unapata ampea 90. Shaba tupu ya geji 4, yaani milimita za mraba 21, kwa mita 5 hadi kwenye buti inapoteza volti 0.4 hivi. Alumini hii, hata ingekuwa na unene kamili, inapoteza kama 0.6, na inapata moto. Kibaya zaidi ni hiyo fyuzi: waya utaanza kuyeyuka ganda kabla haijakatika.

Halafu ampea 90 zitoke wapi? Alteneta, ile inayozalisha umeme na kuchaji betri, kwa gari dogo kwa kawaida ni ampea 70 hadi 100, na gari lenyewe linakula 30 au 40 ukiwasha AC na taa. Kweli, muziki hauvuti 90 muda wote, ni pale besi inapopiga. Lakini jua la Dodoma la Novemba, umesimama foleni, injini iko sailensa, yaani inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, alteneta imechemka: inatoa pungufu kabisa. Na kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi umeme kinachofungwa karibu na amplifaya, haizalishi umeme, msidanganywe.

Kwa hiyo seti hii naipa wati 400, mwisho 500, na fyuzi ubadilishe uweke ya 60, sentimita 45 au pungufu kutoka kwenye betri. Kwa wati 1000 nunua shaba tupu. Ethi, yaani waya wa hasi, ifunge kwenye bodi ya gari palipokwanguliwa rangi mpaka chuma king'ae, na ongeza waya mnene kutoka alteneta hadi betri, betri hadi bodi, injini hadi bodi.

Taa za gari zikififia bado, pima volti kwa mita besi ikipiga. Betri ina 13.8 na amplifaya 12.8? Tatizo ni waya au ethi. Zote zimeshuka pamoja? Hapo ni alteneta.