Programu ya kuwashia Linux: ipi uichague ukitaka urahisi?

Programu ya kuwashia mfumo (bootloader) huwa tunaiona sekunde chache tu kila siku, mpaka siku kompyuta itakapogoma kuwaka. Mimi naipima kwa siku hiyo: nikiwa na fleshi ya Linux peke yake, nitaweza kuitengeneza kwa mkono? Nitazilinganisha tatu: systemd-boot, rEFInd na GRUB. Zote ni za bure, kwa hiyo unachotumia ni muda wako.

Kabla ya yote, angalia kama folda ya /sys/firmware/efi ipo. Ikiwepo, mashine imewaka kwa UEFI, yaani programu ya ndani ya mashine iliyochukua nafasi ya BIOS. Kama mashine yako ina BIOS ya zamani tu, nenda moja kwa moja namba tatu.

1. systemd-boot. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Zamani iliitwa gummiboot, ikaingizwa ndani ya systemd (mkusanyiko wa programu zinazoendesha huduma za Linux) mwaka 2015. Kila mfumo una faili lake dogo la maandishi: jina, kerneli (kiini cha mfumo), initrd (faili linaloisaidia kerneli kuanza) na vigezo, basi. Kikiharibika kitu, unalifungua, unalisoma, unasahihisha. Windows yenye faili zake za kuwashia kwenye partisheni hiyohiyo ya EFI (sehemu ya diski ambayo UEFI husoma inapowasha) huiona yenyewe.

Ila haisomi ext4, mpangilio wa faili ambao Linux hutumia sana. Kerneli hukaa kwenye partisheni ya FAT, kwa kawaida hiyo ya EFI, na ile inayotengwa na Windows mara nyingi ni MB 100 tu. Kerneli mbili na initrd zake zinatosha kuijaza. Mimi nilikwama katikati ya sasisho kwa sababu hiyo hiyo. Siku hizi natenga GB 1 tangu mwanzo.

2. rEFInd. Roderick W. Smith aliitoa mwaka 2012 kutokana na rEFIt, programu nyingine ya kuwashia iliyoitangulia. Hukagua diski kila unapowasha, hivyo kerneli mpya hujitokeza bila wewe kuhariri chochote, na ina draiva za kusoma ext4 na Btrfs (mpangilio mwingine wa faili wa Linux). Ukiwa na mifumo mitatu au minne, ianze hii. Tatizo lake ni menyu kujaa ikoni usizozihitaji.

3. GRUB. Inaweza karibu kila kitu, hata BIOS na diski zilizofungwa kwa LUKS (usimbaji wa diski wa Linux), lakini faili lake la mipangilio, grub.cfg, hutengenezwa na skripti na ni ndefu mno kuisoma ukiwa na wasiwasi. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, haitafuti mifumo mingine mpaka uweke GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye mipangilio yake. Ikiwa tayari unayo na inafanya kazi, iache.

Ukiamua kubadilisha, usifute ile ya zamani mpaka mpya iwashe mashine mara kadhaa, pamoja na baada ya sasisho la kerneli.