Uvuvi wa alfajiri kwa boti ya kukodi kutoka Kunduchi

Kwa yeyote anayetafuta boti ya kukodi kwa ajili ya uvuvi wa mshipi jijini Dar es Salaam, napendekeza bila kusita huduma ya wavuvi wa Kunduchi niliyoitumia pamoja na ndugu zangu msimu huu wa kaskazi. Tulirudi na nguru, kolekole na jodari mmoja mnene, na ninavyoona mimi mafanikio hayo yalitokana na ujuzi wa nahodha kuliko bahati yetu.

Siku moja kabla ya safari alinipigia simu kunieleza kwamba tungeng'oa nanga saa 11 alfajiri, na akanipa sababu zake. Ilikuwa bamvua, kipindi ambacho maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, hivyo boti inayochelewa kuondoka huachwa imekaa juu ya mchanga. Isitoshe, alfajiri upepo wa umande hutoka bara na bahari huwa imetulia, ilhali jua likishapanda kaskazi huanza kuvuma na mawimbi huwachosha wasioizoea bahari. Kabla injini haijawashwa, kila abiria alivalishwa jaketi okozi na baharia mwenyewe akakagua mikanda ya majaketi hayo, abiria mmoja baada ya mwingine.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba tulipopita karibu na kisiwa cha Mbudya hakuna aliyeruhusiwa kutupa mshipi. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, na nahodha huyu, ambaye angeweza kabisa kujinufaisha na giza lile, alisubiri mpaka tukawa mbali nayo. Pwani hii imeumizwa vya kutosha na uvuvi wa baruti, na mteja anayejali samaki wa kesho anapaswa kumtafuta mvuvi wa namna hii.

Huko nje aliwatazama membe, ndege wa baharini, waliokuwa wakipiga mbizi juu ya kundi la dagaa, akapunguza mwendo, akatuelekeza kukokota chambo cha kibua nyuma ya boti. Mbele ya ndoana alikuwa amefunga kipande cha waya, kwa kuwa meno ya nguru hukata mshipi wa nailoni mara moja. Nguru wa kwanza aliposhika, mshipi ulikimbia kwa kasi iliyonitetemesha mikono, na nahodha, badala ya kuninyang'anya kama wafanyavyo wengine wanaoogopa kupoteza samaki, alisimama pembeni akinielekeza lini niulegeze na lini nivute, hadi baharia akampandisha kwa kulabu. Kolekole tuliwapata baadaye kwenye ukingo wa mwamba, kwa chubwi nzito, yaani kipande cha risasi kinachozamisha mshipi.

Jodari alikatwa matamvua papo hapo ili damu itoke, kisha akazikwa ndani ya barafu. Wapenzi wengi wa uvuvi hulipuuza hilo, ingawa samaki wa jamii hiyo akiachwa juani hujijengea sumu inayoleta wekundu wa ngozi na maumivu makali ya kichwa, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Upungufu upo. Boti haina turubai la kivuli, na kufikia saa 3 asubuhi jua lilikuwa kali kwa mzee tuliyekuwa naye. Barafu nayo hailetwi mpaka uiagize na kuilipia mbali na gharama ya boti. Wakati wa kurudi maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo tulishuka mbali na kutembea ndani ya maji hadi ufukweni, huku vijana wa boti wakibeba sanduku la samaki. Bei hupatanwa kwa boti nzima wala si kwa kichwa, hivyo ni vyema mwende watu wanne au watano, mbebe kofia na maji ya kunywa, na mkubaliane mapema kabisa nani atachukua samaki yupi. Sisi tulipatana kabla ya kuondoka kwamba samaki wote ni wetu isipokuwa kolekole wawili wa kitoweo cha wavuvi, na makubaliano hayo yaliheshimiwa bila neno.