Mchezo wa Kifalme wa Uru: uzoefu wangu na nakala ya mbao

Nimeagiza mtandaoni nakala ya ule ubao ambao Leonard Woolley aliufukua miaka ya 1920 kwenye makaburi ya kifalme ya Uru, kusini mwa Iraki. Ubao halisi uko British Museum na una umri wa miaka 4,500 hivi. Ule umenakshiwa kwa kombe na lapisi lazuli, jiwe la buluu kutoka Afghanistan. Wangu umechongwa na kupakwa rangi tu, lakini fundi ameheshimu umbo lake: vyumba 20 vya kuchezea, vitano vikiwa na mchoro wa ua.

Kila mchezaji ana kete 7 na njia ya vyumba 14, ambavyo 8 vya katikati mnavigombania. Ukimkuta mwenzako humo unamla, naye anaanza upya. Ukitua kwenye ua unarusha tena, na aliyekalia ua la katikati haliwi. Hapo ndipo utamu wote ulipo.

Mjomba wangu, mtu wa bao tangu ujana, alikataa kuucheza kwa sababu ya dadu. “Mjomba, hii si bahati tupu,” nikamwambia. Dadu ni 4, kila moja ina pembe 4, mbili zimetiwa alama. Unahesabu dadu zilizotua na alama juu, na hiyo ndiyo idadi ya hatua zako. Kwa wastani, katika kila mirusho 16, mbili hutoka mara 6, nne mara 1 tu. Alipolielewa hilo akawa anaziacha kete zake hatua nne mbele ya zangu, kamwe si mbili. Nikaanza kufungwa mfululizo.

Kinachoniudhi ni karatasi ya maelezo. Muuzaji anadai kanuni ni za zamani sawa na ubao. Si kweli: zimetokana na kibao cha udongo cha Babeli cha mwaka 177 KK, kilichosomwa na Irving Finkel wa British Museum. Yaani watu waliendelea kuucheza kwa zaidi ya miaka 2,000! Ulifika Kupro, na Misri ubao wa vyumba 20 ulizikwa na Tutankhamun. Mnunuzi anastahili kuambiwa hayo, maana ndiyo yanayoupa mchezo huu thamani.

Rangi ya alama kwenye dadu nayo inafutika upesi. Nimezipaka upya kwa rangi ya kucha. Pamoja na hayo naupa nyota 4 kati ya 5, na kwa nyumba yenye watoto wa sekondari ningesema ununuliwe.