Programu ya kuchambua namba nzima: hodari, mradi usivuke tarakimu 15

Kazi ya programu hii ya simu ni moja tu: ukiiandikia namba nzima, hukuonyesha vigawo vyake tasa, idadi na jumla ya vigawo vyote, na kukueleza kama namba hiyo ni tasa, kamilifu (yaani sawa na jumla ya vigawo vyake bila yenyewe) au ni zao la namba nyingine iliyozidishwa kwa yenyewe. Haihitaji intaneti, na maandishi yake yanasomeka vizuri.

Nilianza na 720720. Papo hapo ikaleta 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13, kisha ikafafanua kwamba idadi ya vigawo hupatikana kwa kuongeza 1 kwenye kila kipeo (ile namba ndogo ya juu, ambayo isipoandikwa ni 1) na kuzidisha matokeo, yaani 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2, ambayo ni 240. Ufafanuzi huo ndio ulionivutia zaidi, kwani vikokotoo vingi hukupa jibu na kukuficha njia. Hata 4294967297, ambayo mwanahisabati Fermat aliidhania kuwa tasa mpaka mwanahisabati mwingine, Euler, alipoonyesha mwaka 1732 kwamba inagawanyika kwa 641, ilichambuliwa kufumba na kufumbua: 641 × 6700417.

Kasoro ilijitokeza nilipoandika 9007199254740993. Programu ilijibu, bila kusita, kwamba namba hiyo ni shufwa na kwamba kigawo chake tasa ni 2 peke yake, kilichojirudia mara 53. Namba inayoishia na 3 iwe shufwa! Jumla ya tarakimu zake ni 78, kwa hiyo inagawanyika kwa 3, na ukiendelea utaona kwamba 107 nayo ni kigawo chake. Ninavyoona, programu huhifadhi namba kwa mtindo wa desimali wa kompyuta wenye nafasi 53 za tarakimu 0 na 1. Ukishapita 2⁵³, ambayo ni 9007199254740992, namba witiri zinazofuata hazina pa kukaa, hivyo husogezwa kimyakimya hadi kwenye shufwa ya jirani. Nilithibitisha dhana hiyo kwa 147573952589676412927, ambayo mwanahisabati Frank Nelson Cole alionyesha mwaka 1903 kuwa ni zao la 193707721 na 761838257287. Nililetewa 2 iliyojirudia mara 67, yaani programu ilikuwa imechambua namba inayofuata, si ile niliyoiandika.

Kikomo chenyewe si aibu, maana kila chombo kina uwezo wake. Kinachonifanya niipe nyota tatu badala ya tano ni kwamba kisanduku kiliendelea kuonyesha namba yangu ilivyo, huku hesabu ikifanywa juu ya nyingine, wala hapakuwa na onyo lolote. Watengenezaji wangeweza kuikataa namba inayozidi kikomo, au kutumia hesabu za namba nzima zisizo na ukomo wa tarakimu, ambazo lugha nyingi za programu huwa nazo tayari. Kwa sasa naifungua kwa namba zisizozidi tarakimu 15, na zaidi kwa ajili ya ule ufafanuzi wa vigawo.