Elfu 40 kwenda kupiga makofi: semina ya michezo ya kupasha moto kikundi cha improvu

Mi nilienda shingo upande. Kikundi chetu cha improvu hapa Dar tuko saba, tunaigiza bila skripti, watazamaji ndo wanatupa wazo tunaanzia hapo hapo, na ugonjwa wetu ni mmoja, kila mtu anamdakia mwenzake maneno. Mshkaji mmoja akatupia tangazo kwenye grupu la watsapu, semina ya siku mbili, elfu 40 kwa kichwa, michezo ya kupasha moto tu. Elfu 40 nzima ya kwenda kupiga makofi? Nikalipa hivyo hivyo.

Siku ya kwanza wamechelewa kuanza lisaa limoja na ushee, feni la ukumbini linapiga kelele kuliko ticha, maji ya kunywa ujinunulie. Tukaanza na zip zap zop, mnasimama duara, unapiga kofi huku mkono na macho yanamwendea mtu, wa kwanza zip, anayepokea zap, anayefuata zop, inazunguka hivyo. Sio ngumu, ila ticha alikuwa anamtoa anayekosea, kama nyama nyama ya shule ya msingi, ukiitikia nyama ya paka umetoka. Matokeo yake wenye shida ya umakini ndo wamekaa pembeni wanachezea simu, wale wasio na shida ndo wanazidi kufanya mazoezi. Sikuelewa kabisa.

Mchezo ulionifanya nisijutie hela ni ule Wamarekani wanaita Big Booty, yaani makalio makubwa. Jina tu mama mmoja wa kwaya alicheka hadi akakaa chini, kuna wengine wakanuna, tukakubaliana tuseme Baba Mkubwa. Basi mmoja ndo Baba Mkubwa, waliobaki mnapewa namba, makofi hayakatiki, unataja namba yako halafu ya mwenzako, "namba tatu, namba saba!", saba anadaka, "namba saba, namba nne!". Ukipotea mapigo unaenda mwisho wa mstari na wote waliokuwa nyuma yako wanasogea, yaani ulikuwa saba sasa hivi we ni sita, na kichwa bado kinasubiri kuitwa saba. Hapo ndo patamu.

Sasa nikagundua kitu. Kwa Kiswahili namba moja mpaka kumi zote zinakaa kwenye mapigo manne, na-mba-ta-tu, na-mba-n-ne, hata nne fupi hivyo inatosha. Ila tulikuwa watu 12, kwahiyo wa mwisho ni namba kumi na moja, mapigo yameisha we ndo kwanza uko kwenye "kumi". Na anayekosea anapelekwa wapi? Huko huko kumi na moja! Nilikaa pale kama nimefungwa, kila nikiitwa nakosea, nikikosea nabaki pale pale. Siku ya pili nikaomba tuite "namba mwisho", mambo yakanyooka, ticha mwenyewe akaandika kwenye daftari lake.

Huyo ticha alitusimulia pia kidogo habari za Viola Spolin wa Chicago, aliyekuwa anafundisha watoto maigizo kwa kutumia michezo, na mwanae Paul Sills akawa mmoja wa walioanzisha The Second City, kikundi maarufu cha improvu huko huko Chicago, mwaka 1959. Nikaona kumbe mizizi ya improvu ni michezo ya watoto kweli, aibu ikapungua.

Tukamalizia na kuhesabu hadi 20 mmefumba macho, hakuna zamu, anayejisikia anataja, wawili wakigongana mnarudi moja. Siku ya kwanza hatukuvuka 14. Siku ya pili umeme ukakatika, feni likanyamaza, na asee, nikaanza kusikia jirani yangu anavyovuta pumzi kabla hajasema, basi namwachia. Tukafika 20. Jumamosi iliyofuata tuko jukwaani nikaisikia pumzi ile ile ya mwenzangu, nikafunga mdomo, akatoa mstari uliochekesha ukumbi mzima.

Wakirudia naenda tena, ila tukiwa 12 mi nawahi kabisa kuwa Baba Mkubwa.