Kugawa michirizi kwa kompyuta kwenye mashine ya kukereza: uzoefu wangu

Sahani ya matundu 24, ile inayofunga mti kila unapougeuza, iliyokuja na mashine yangu ya kukereza inagawa duara kwa 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24, basi. Mteja akitaka miguu ya kitanda yenye michirizi (mifereji inayochimbwa kwa urefu wa mguu) 5, 7 au 9, unarudi kwenye ukanda wa karatasi na penseli. Ndiyo maana nilinunua kifaa cha kugawa kwa kompyuta: mota ya stepa (inayozunguka hatua kwa hatua) na draiva yake, yaani saketi inayoiendesha, puli mbili, mkanda wa meno, na kisanduku chenye Arduino (kompyuta ndogo ya bodi moja) na vitufe.

Matumizi yake ni mepesi. Unaingiza idadi ya michirizi, unabonyeza, spindeli, yaani mhimili unaozungusha mti, inajizungusha hadi mahali pake na kusimama. Unapitisha ruta (mashine ya mkono ya kuchimba mifereji kwenye mbao) kwenye reli yake, unabonyeza tena.

Kilichonifurahisha zaidi ni hesabu iliyomo ndani. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, yaani nyuzi 1.8 kila hatua. Draiva inaigawa kila hatua mara 16, zinakuwa 3,200. Puli ya meno 20 kwenye mota inavuta ya meno 60 kwenye spindeli, kwa hiyo mzunguko mmoja wa mti ni hatua 9,600. Gawa kwa 5 upate 1,920 kamili. Gawa kwa 7 upate 1,371 na masalia. Programu mbovu hutupa masalia hayo kila inaposogea. Ukizunguka mara moja kwenye mguu wa milimita 80 huoni kitu, maana kosa halifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Lakini mninga, mbao ngumu, haukubali kuchimbwa kina chote kwa mpigo mmoja. Unazunguka tena na tena, kosa linajumlishana, na mchirizi unapanuka upande mmoja. Programu niliyopewa hupima kila nafasi kuanzia sifuri, kwa hiyo ya saba inarudi palepale. Muulize muuzaji jambo hili kabla hujalipa.

Sasa kasoro. Mota peke yake haiwezi kushikilia mti dhidi ya ruta. Mkanda una unyumbufu kidogo, na kisu kikikutana na fundo la mti, spindeli inacheza. Mimi nafunga breki ya spindeli kila inaposimama, ndipo nakata. Kifaa kinatafuta nafasi. Kushika ni kazi ya chuma. Na kisanduku kiweke mbali na vumbi la msasa, kwa sababu feni yake inalivuta lote ndani.

La hatari ni hili: usiwashe mota kubwa ya mashine wakati mkanda wa stepa bado umefungwa. Stepa ikizungushwa kwa nguvu hugeuka kuwa jenereta, na umeme unaorudi unaweza kuunguza draiva. Kifaa changu hakina kinga yoyote ya kuzuia hilo, na kwa bei yake hilo ni pungufu kubwa. Nimeweka swichi moja ya pande mbili: ukiwasha huku, kule kunazimika. Hata hivyo mkanda lazima uvuliwe kwanza, maana stepa iliyozimwa bado inazalisha umeme ikizungushwa.

Usidanganyike na picha za miguu iliyosokotwa kama kamba. Msokoto unahitaji mota ya pili inayosogeza ruta kwa mwendo mmoja na mzunguko wa mti. Hiki kinagawa tu.

Kwa miguu minne inayotakiwa kufanana, sirudi tena kwenye karatasi. Ila kama kazi zako ni za michirizi 6, 8 na 12, pesa hiyo nunulia visu vizuri vya ruta, sahani inakutosha.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kifaa kinasahau kilipofika. Kwa hiyo kabla ya kuanza chora mstari mwembamba kwenye spindeli na mwingine mkabala kwenye kichwa cha mashine. Umeme ukirudi, linganisha mistari miwili, weka sifuri, ruka hadi namba uliyoachia.